Jiwe la tumbo la yomba lilitoka wapi?

Ndugu zangu wa promosio, leo sileti mahindi. Mulionizoea kwa habari za mbolea na viwavi mutanivumilia mara hii, juu ya kile ninachotaka kusimulia ni historia ya jeni moja tu, na jeni hiyo imepita mu nyumba yetu.

Mwaka 2021 walimpasua yomba yangu, ndugu ya mama, hapa Likasi. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa anatibiwa ulsere. Vidonge asubuhi, vidonge magharibi, asile pilipili, asinywe munkoyo. Choo chake kilikuwa cheusi kama lami na damu ilikuwa inapunguka. Muntu aliyebeba mifuko ya saruji maisha yake yote alianza kupumzika mara tatu akitoka soko hadi nyumbani. Siku ya kumpasua walitoa katika ukuta wa tumbo lake, ule mfuko wenyewe wa chakula, kitu kigumu cha mviringo, ukubwa wa embe. Muuguzi alituletea katika beseni mu kolidoro: "Muone, njo hii ilikuwa inamusumbua." Tuliona. Beseni likaondoka, ile nyama ikaenda kutupwa. Katika karatasi ya kutoka hospitali waliandika neno moja: fibroma. Hakuna kipande kilichoenda labo, na sisi hatukujua kwamba inafaa kuuliza.

Majuma mawili baadaye familia ilikutana Kikula. Kikao kilikuwa cha kumshukuru Mungu, lakini maneno yaligeuka mbio. Embe likaitwa jiwe. Jiwe likatafutiwa mwenyewe. Na mwenyewe akapatikana: mama mukubwa, dada ya kwanza ya yomba, mjane, ambaye waligombana naye juu ya parseli aliyoacha nkambo. Hakuna aliyetaja jina lake. Walisema tu "bantu ba hapa hapa", na macho yote yakaenda pembeni alipoketi.

Kisha baba mudogo akanigeukia. "Weye ulisomaka mambo ya mbegu na jeni. Utuambie basi. Hii jiwe ilitoka wapi mu tumbo ya muntu?"

Nilijibu ovyo. Nilisema kitu juu ya seli, nikataja asidi, nikanyamaza. Mama mukubwa alinitazama kidogo, akafunga kitambaa chake vizuri, akaondoka kabla ya bukari kufika. Jibu ambalo nilipaswa kulitoa siku ile ninaliandika hapa, nikiwa nimechelewa sana.

Kwanza jina. Ugonjwa usiokuwa na jina lake unatibiwa kwa jina la jirani, na sisi wa shamba tunalijua hilo: majani ya mahindi yakigeuka manjano, mmoja anasema nitrojeni imepunguka, anamwaga urea, kumbe ni virusi vya michirizi vilivyoletwa na kadudu kadogo, na urea inaliwa bure. Uvimbe wa namna ya yomba uliishi hivyo miaka mingi. Madaktari wa Ulaya na Marekani walipouweka chini ya mikroskopu waliona seli ndefu, nyembamba, zimelala pamoja kama misuli. Wakasema: ni uvimbe wa misuli. Wakauita leiomioma ukiwa mpole, leiomiosarkoma ukiwa mkali. Wakautibu kwa dawa za kansa ya misuli, na dawa hizo karibu hazikusaidia kitu.

Mwaka 1983 Wamarekani wawili, Michael Mazur na Brent Clark, waliangalia tena uvimbe wa tumbo kwa mikroskopu ya elektroni na rangi za kutambua protini. Walikuta kwamba nyingi hazina alama za misuli zilizotegemewa. Wengine walifikiri zinatoka katika neva. Hapo pia alama zilikosa. Basi wakaziita uvimbe wa stroma, maana yake uvimbe wa ile tishu inayoshikilia tu, bila kusema mama yake ni nani. Mimi naliheshimu jina hilo. Ni jina la watu waliokubali kungoja.

Jibu lilikuwa linakuja kwa njia ambayo hakuna daktari wa tumbo angeifikiria. Lilikuja na paka.

Mwaka 1986 Peter Besmer na wenzake walichapisha habari ya virusi vilivyopatikana katika uvimbe wa paka. Ndani ya virusi hivyo mlikuwa na jeni iliyoibwa katika seli za paka mwenyewe, na jeni hiyo ilikuwa na nguvu ya kufanya seli zizaane bila mpango. Waliipa jina KIT, kama mtoto wa paka anavyoitwa Kiingereza. Mwaka uliofuata jeni ileile ikapatikana kwa binadamu. Hapo ilikuwa jina tu katika orodha ndefu ya majina.

Halafu panya. Wafugaji wa panya wa labo walikuwa na ukoo mmoja tangu mwanzo wa karne ya 20: panya wenye mabaka meupe, damu kidogo, na wengi wao hawazai. Waliuita ukoo wa W. Miaka na miaka waliuzalisha wakijua kwamba kitu kimoja kimeharibika na kinagusa rangi, damu na uzazi kwa pamoja, bila kujua ni kitu gani. Mwaka 1988 ikaonekana: ni KIT. Jeni ya paka ndiyo iliyokuwa imeharibika kwa panya.

Na hapa niruhusuni nisimame kwa nguruwe, juu ni mahali pekee ambapo diploma yangu inanisaidia. Nguruwe weupe tunaofuga hapa, wale wa Large White na Landrace, weupe wao unatoka wapi? Babu zao wa porini ni weusi na kahawia. Kundi la Leif Andersson kule Uswidi lilionyesha kati ya 1996 na 1998 kwamba weupe huo unatokana na KIT: nguruwe mweupe ana nakala ya ziada ya jeni hiyo, na seli za rangi hazifiki mu ngozi. Wafugaji wa Ulaya walichagua mutasio bila kujua neno mutasio. Walipenda tu nguruwe mweupe. Kwa hiyo kila mara munapopita mbele ya banda la nguruwe ku Panda munaangalia mutasio ya KIT ikila pumba. Niliposoma hilo nilicheka peke yangu usiku. Mu fakilte tulifundishwa uzito wa nguruwe na chakula chake, rangi hakuna aliyeiuliza.

Turudi kwa panya wa W. Wajapani waliwapenda sana, hasa Yukihiko Kitamura, ambaye maabara yake Osaka iliwachunguza miaka mingi kwa sababu ya seli fulani za kinga zinazokosekana kwao. Mu miaka ya 1990 watafiti wengine wakaona kitu cha ajabu: matumbo ya panya hao hayatembei vizuri. Chakula kinakaa. Kwa nini? Kwa sababu wamekosa seli ndogo ambazo Mhispania Santiago Ramón y Cajal alikuwa ameshazichora mwishoni mwa karne ya 19, zimejificha kati ya neva na misuli ya utumbo. Karibu miaka mia moja watu walibishana kazi yake. Kumbe ndizo zinazopiga ngoma: zinatoa mdundo ambao unafanya tumbo na utumbo vikaze na kulegea, mara chache kwa dakika, usiku na mchana, hata tukilala. Na seli hizo haziwezi kuishi bila KIT.

Sasa musikie. Mu maabara ileile ya Osaka, Seiichi Hirota na wenzake walijiuliza: ikiwa seli za Cajal zina KIT, na uvimbe wa stroma unaota palepale seli hizo zinapokaa, je, si uvimbe wa seli hizo? Walipaka rangi ya kutafuta protini ya KIT. Karibu uvimbe wote uliwaka. Kisha walisoma herufi za jeni hiyo katika uvimbe wa wagonjwa 6. Watano walikuwa na kasoro, na kasoro zilikuwa mahali pamoja. Habari ikatoka katika jarida la Science mwezi wa kwanza 1998. Watu sita tu! Sisi kwa kujaribu mbegu moja ya mahindi tunaombwa vipande 30 vya shamba. Lakini kasoro ikiwa palepale mara tano kwa sita, hauhitaji shamba kubwa.

Nieleze kasoro yenyewe kama ningeieleza Kikula. Protini ya KIT inakaa katika ngozi ya seli, nusu nje, nusu ndani. Nje inangoja mjumbe wa kemikali. Mjumbe akifika, KIT mbili zinashikana, na ile sehemu ya ndani inapeleka neno: gawanyika. Mjumbe akiondoka, neno linakatika. Ni robine. Unafungua, maji yanakuja, unafunga, yanasimama. Karibu na ngozi ya seli, upande wa ndani, kuna kipande kifupi ambacho kazi yake ni kufunga robine. Kinaandikwa na sehemu ya jeni inayoitwa eksoni ya 11. Herufi chache zikianguka hapo, ama moja ikibadilishwa, kifungio kimevunjika: hakuna mjumbe, hakuna aliyekuja kuchota, na maji yanamwagika tu. Seli inagawanyika, watoto wake wanagawanyika, miaka inapita, na siku moja ni embe.

Njo hii ilikuwa jiwe. Kosa la maandishi katika seli moja ya yomba, pengine akiwa bado kijana, katika siku ambayo hakuna aliyeiona ikipita.

Hiyo mutasio haikutoka kwa wazazi wake, na watoto wake hawataiamka nayo. Kuna familia zinazoirithi kweli. Ya kwanza ilielezwa Japani mwaka uleule 1998. Lakini ni chache mno duniani. Kwa wengine wote kosa linazaliwa mu uvimbe na linakufa nao.

Ningependa kusema kwamba jeni ni moja na habari imekwisha, lakini tumbo lina mambo yake. Karibu sehemu 6 kwa 10 za uvimbe wa namna hii zinaota katika tumbo lenyewe, zilizobaki mara nyingi katika utumbo mwembamba. Tukiuchukua wote, KIT ndiyo imeharibika katika robo tatu hivi. Mwaka 2003 Michael Heinrich na wenzake kule Portland, Marekani, walionyesha kwamba uvimbe mwingine una kasoro katika jeni ndugu yake, PDGFRA, ambayo inakaa jirani kabisa na KIT mu kromosomu ya 4. Ni mmoja kwa kumi hivi, na karibu wote ni wa tumbo. Na kuna uvimbe ambao jeni hizi mbili ni nzima: kwa watoto na wasichana, uvimbe wa tumbo mara nyingi unatokana na kuharibika kwa SDH, kiwanda kidogo cha nguvu ndani ya seli. Chini ya mikroskopu vyote vinaweza kufanana. Kwa jina vyote ni ndugu. Kwa dawa sivyo.

Dawa. Mu miaka ya 1990 kiwanda kimoja cha Uswisi, ambacho leo kinaitwa Novartis, kilikuwa na kemikali ya kuziba protini mbaya ya kansa ya damu, ile ya leukemia ya mieloidi sugu. Ni imatinibu. Brian Druker aliijaribu kwa wagonjwa kuanzia 1998 na iliwasimamisha watu ambao wangekufa. Walijua pia kwamba kemikali hiyo inaziba KIT na PDGFRA, kwa bahati tu ya umbo lake: inaingia katika shimo ambamo protini hizo zinapokea nguvu, kama ufunguo uliokatwa kwa mlango mwingine.

Helsinki, Ufini, mwezi wa tatu mwaka 2000. Mama mmoja wa umri wa miaka 50 alikuwa amepasuliwa tumbo mwaka 1996, uvimbe ukarudi, ukajaa ini. Walikuwa wamejaribu kila kitu. Daktari Heikki Joensuu alimpa imatinibu, miligramu 400 kwa siku, vidonge vya kumeza na maji. Alikuwa mgonjwa wa kwanza duniani wa uvimbe huu kuimeza. Mu majuma machache uvimbe ulipunguka nusu. Kasoro ya uvimbe wake ilikuwa katika eksoni ya 11. Makala ya 2001 ilikuwa ya mgonjwa mmoja tu, na mwezi wa pili 2002 Marekani ilikuwa imeshairuhusu dawa kwa ugonjwa huu.

Lakini dawa inasoma mutasio kuliko sisi. Wenye kasoro ya eksoni ya 11 wanaitikia vizuri. Wenye ya eksoni ya 9, ambayo iko zaidi katika utumbo, mara nyingi wanahitaji kipimo mara mbili. Na kuna kasoro moja ya PDGFRA iitwayo D842V, inayopatikana sana katika tumbo: kitofali kimoja cha protini, namba 842, kimebadilishwa, shimo limegeuka umbo, na ufunguo hauingii kabisa. Mgonjwa wa D842V anaweza kumeza imatinibu mwaka mzima, familia inauza mbuzi na kitanda, na uvimbe hausikii kitu. Dawa yake, avapritinibu, iliruhusiwa Marekani mwanzoni mwa 2020. Ukimtazama kwa macho, mgonjwa huyo na mgonjwa wa Helsinki ni sawasawa. Kinachowatenga ni herufi, na herufi zinasomwa mu kipande cha nyama.

Njo maana ninarudi kwa beseni.

Mwaka 2012 huyohuyo Joensuu na wenzake walichapisha jibu la swali lingine: mtu aliyepasuliwa, uvimbe umetoka wote, lakini ni wa hatari ya kurudi, tumpe imatinibu muda gani? Walilinganisha mwaka 1 na miaka 3. Baada ya miaka 5, waliokuwa hai ni 92 kwa 100 kwa waliomeza miaka 3, na 82 kwa waliomeza mwaka 1. Hatari yenyewe inapimwaje? Kwa ukubwa wa uvimbe, mahali ulipoota, na kuhesabu seli zinazogawanyika chini ya mikroskopu. Ukubwa tuliuona wote mu kolidoro. Seli hakuna aliyezihesabu. Yomba alirudi nyumbani na fibroma yake mu karatasi, akanywa munkoyo wake, na hakumeza chochote.

Mtu atasema: hata kama wangepima, dawa ile ingetoka wapi? Swali la haki, na nimelitafutia historia yake pia. Mwaka 2002 Novartis na shirika la The Max Foundation walianzisha mpango wa kutoa imatinibu bure katika nchi ambazo watu hawawezi kuinunua. Kwetu huku karibu, Kenya iliingia, na wagonjwa walifuatiliwa katika kliniki Nairobi, wa leukemia na wa uvimbe huu. Lakini muangalie sharti: mgonjwa wa uvimbe wa stroma alipaswa kuonyesha karatasi ya labo kwamba uvimbe wake una CD117, ambalo ni jina lingine la protini ya KIT. Bila kipande hakuna karatasi, bila karatasi hakuna dawa ya bure. Mwaka 2013 mahakama kuu ya India ilikataa kuipa Novartis hati ya kumiliki dawa hiyo nchini kwao, na viwanda vya India viliendelea kuitengeneza kwa bei ya chini zaidi. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiandika katika orodha ya dawa za lazima, kwa leukemia hiyo na kwa uvimbe huu. Mlango wa dawa ulifunguka kidogo kidogo. Mlango wa labo, hapa kwetu, umebaki nyuma, na ndio uliotangulia kwa mpangilio.

Ninajua swali ambalo mumekuwa mukilishika tangu mwanzo, juu ya sisi wote ni bantu ba Likasi. Je, si mgodi? Si Shinkolobwe?

Nisilikimbie. Shinkolobwe iko kilomita 20 hivi kutoka hapa. Union Minière ilianza kuchimba huko mwaka 1921, wakati Likasi ikienda kuitwa Jadotville, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya radiumu ya dunia ilitoka katika mawe yale, ikisafishwa Olen, Ubelgiji, na kupelekwa mu hospitali kutibu kansa. Mu miaka hiyohiyo, 1927, Hermann Muller alionyesha kwamba miale ya X inazalisha mutasio kwa inzi, na 1928 Lewis Stadler, muntu wa kazi yetu kabisa, akaonyesha hivyo kwa shayiri, kwa miale ya X na kwa radiumu. Kwamba miale inavunja herufi za jeni si uvumi. Na vumbi la leo pia si jambo la kuchezea: Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walipima watu wa Kasulo, Kolwezi, wanaochimba kobalti chini ya nyumba zao, na mwaka 2018 waliandika kwamba watoto wa huko wana alama za kuharibika kwa DNA. Mwaka 2020 kundi hilo lilionyesha, katika hospitali za Lubumbashi, kwamba baba akifanya kazi ya mgodi mtoto ana hatari zaidi ya kuzaliwa na kilema. Kwa hiyo sitampa mchimbaji yeyote cheti cha usafi kupitia ukurasa huu.

Lakini uvimbe wa stroma haujafungwa na uchimbaji, wala na chakula, wala na tumbaku, wala na pombe. Unapatikana Osaka, unapatikana Helsinki, unapatikana Likasi, kwa hesabu ya watu 10 hadi 15 wapya kwa milioni kila mwaka pale ambapo wanahesabiwa. Kuusukuma wote kwa mgodi ni kufanya kile tulichofanya Kikula: kutafuta mwenyewe wa jiwe.

Na kuna jambo moja ambalo lilinigusa kuliko mengine yote. Mwaka 2006 Wajapani walichukua matumbo 100 yaliyotolewa kwa sababu ya kansa nyingine ya tumbo, wakayakata vipande vyembamba sana, wakayatazama yote. Katika 35 walikuta uvimbe mdogo mno wa stroma, ambao hakuna aliyejua upo. Mwaka uliofuata watafiti wa Ujerumani walitazama maiti za watu waliozidi miaka 50 waliokufa kwa sababu zao mbalimbali: zaidi ya mmoja kwa watano alikuwa nao. Na nyingi kati ya mbegu hizo ndogo zilikuwa na mutasio ya KIT ileile. Zinaota, zinafika milimita chache, zinakauka. Ni chache sana zinazoendelea hadi embe, pale makosa mengine yanapojipanga juu ya lile la kwanza. Mule mu chumba cha Kikula tulikuwa watu 20 na zaidi, nusu wazee. Kwa hesabu ya Wajapani ama ya Wajerumani, wengine kati ya waliokuwa wakimtazama mama mukubwa walikuwa na kajiwe kao.

Mwaka 2023 uvimbe ulirudi, vidonge vitatu vinne vidogo katika utando wa tumbo. Safari hii tulikwenda Lubumbashi na nilisimama mlangoni mwa chumba cha upasuaji na chupa ya formalini mkononi, kama mtu anayengoja sampuli ya udongo. Majibu yalikuja baada ya majuma mengi: CD117, ndiyo. Yomba anameza imatinibu ya India, 400 kwa siku, anavimba macho asubuhi, anachafukwa na moyo akimeza bila kula. Ekografi ya mwezi wa sita ilionyesha vidonge vimepunguka. Kwa kuwa dawa imesikika, ninaamini mutasio yake si D842V, pengine ni ya eksoni ya 11. Ni kubahatisha kwa mtu wa shamba. Hakuna aliyezisoma herufi. Na kwa wagonjwa wengi baada ya miaka miwili hivi uvimbe unatafuta kosa jipya, katika eksoni ya 13 ama ya 17, na ufunguo unaanza kuteleza. Hapo ndipo mtu anahitaji kujua.

Pesa ya vidonge tunachanga kila mwezi. Fungu kubwa linatoka kwa mama mukubwa, anayeuza makala karibu na soko. Hapeleki mwenyewe. Anampa mama yangu, na mama anasema ni za kikundi cha kanisa. Yomba hajui, ama anajua na ananyamaza. Mwezi uliopita nilikwenda kwake na simu yangu nikamwonyesha picha ya panya wa W, na mabaka yake meupe, nikamweleza paka, nguruwe, robine, yote. Alisikiliza hadi mwisho akiwa anafunga makala mu mifuko. Kisha aliuliza: "Na hii yote uliijua ile siku?"

"Hapana, mama mukubwa."

"Bon," alisema, akanipa mfuko nimfungie.

Kile kipande cha Lubumbashi, labo ilinirudishia kimefungwa katika parafini, kitofali cheupe kidogo kuliko kipande cha sabuni. Katika parafini herufi zinaweza kusomeka hata baada ya miaka. Kiko mu droo yangu, mu bahasha, kando ya sampuli za mahindi, na jina la jeni nimeandika juu yake kwa kalamu. Kama kuna mwenzetu wa promosio anayekwenda Nairobi ama Johannesburg na anajua labo inayosoma eksoni, aniandikie.